Tuifungue au Tuiweke? Hatima ya Mashine za Gemu Zilizozeeka



Swali la jioni hii ni fupi. Mtu ana mashine ya gemu ya zamani. Haichezi tena, au inacheza ila hakuna anayeihitaji. Afanye nini? Aifungue na kuigeuza kitu kingine kinachofaa leo, au aifute vumbi, aifunge na kuihifadhi kama ilivyotoka kiwandani? Wapo wanaoona kulegeza skrubu moja tu ni kosa lisilosameheka. Wapo pia wanaoona kuweka plastiki kabatini ni anasa ya watu wenye nyumba kubwa. Mimi nimekuja kubishana na wote wawili, maana wote wanaamini kwamba kubadilisha ni kinyume cha kuhifadhi. Nikizitazama mashine ambazo historia imezipa heshima, nakuta nyingi ni zile zilizoungua, zilizotobolewa, au zilizofanyishwa kazi ambayo mtengenezaji hakuiwaza hata kidogo.

Chukueni Game Boy moja. Nintendo ilitoa kifaa hicho mwaka 1989, na kwenye Vita vya Ghuba mwanzoni mwa miaka ya 1990 askari mmoja wa Marekani alikuwa na chake kambini. Kambi ikapigwa bomu. Kasha la Game Boy likayeyuka na kukunjamana, sehemu ya mbele ikawa nyeusi. Kilipofikishwa Nintendo kikakutwa bado kinawaka. Kwa miaka mingi kiliwekwa kwenye duka la kampuni hiyo mjini New York, ndani ya kioo, Tetris ikiendelea kwenye skrini, hadi kilipoondolewa hapo mwaka 2023. Sasa fikirini angetokea mtu mwenye nia njema akasema, "Kasha jipya linapatikana, ngoja nikirudishe katika hali yake." Angepata Game Boy moja nzuri, ya kuongezea kwenye mamilioni yaliyopo. Hali iliyohitaji kuhifadhiwa pale ilikuwa ile mbaya.

Upande wa pili ipo mashine ambayo duniani inajulikana moja tu. Kabla Sony haijatoa PlayStation yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1994, ilikuwa na mkataba na Nintendo wa kutengeneza mashine moja yenye tundu la katriji na sehemu ya diski. Mkataba ukavunjika. Sampuli moja ikaibuka mwaka 2015 nchini Marekani, ikiwa imenunuliwa miaka kadhaa kabla ndani ya shehena ya mnada wa vitu vya kampuni iliyofilisika. Sehemu yake ya diski haikufanya kazi. Fundi mashuhuri wa huko, Benjamin Heckendorn, aliifungua na kuhangaika nayo hadi diski ikasoma. Machi 2020 iliuzwa mnadani kwa dola 360,000. Wale wasiotaka skrubu ziguswe wajue basi kwamba hata hiyo, ya pekee inayojulikana, ilifunguliwa, na bado ikauzwa kwa bei hiyo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama kifaa kiguswe au kisiguswe. Tuulize: kifaa hiki kimebeba ushahidi gani ambao wenzake hawana? Kama hakina, kifungue bila kusikitika. Kama kinao, chunguza ushahidi huo umekaa wapi hasa, kwa sababu mara nyingi haukai kwenye kasha ambalo sisi tunahangaika kulisugua.

Nitakaa zaidi kwenye Xbox ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayofundisha mengi. Microsoft iliitoa Marekani tarehe 15 Novemba 2001. Ndani yake, kusema kweli, ni kompyuta ya kawaida ya wakati ule: prosesa ya Intel ya megahezi 733, kumbukumbu ya megabaiti 64, diski kuu ya gigabaiti 8 hivi, sehemu ya DVD na tundu la waya wa mtandao. Kompyuta hiyo ilifungwa kwa kufuli za kidijitali ili iendeshe programu zilizoidhinishwa na Microsoft tu. Mwaka 2002 mwanafunzi wa MIT, Andrew Huang, alinasa mawasiliano kati ya chipu mbili kwenye bodi na kupata ufunguo wa siri uliofichwa humo. Mwaka uliofuata akaandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, Hacking the Xbox. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi, na watu wakaanza kuweka Linux kwenye mashine iliyouzwa kwa ajili ya kupiga risasi za kwenye skrini.

Kati ya programu walizoandika, moja iliitwa Xbox Media Center, kwa kifupi XBMC. Iliifanya Xbox icheze filamu na muziki wa kila aina kupitia televisheni ya sebuleni, wakati ambapo vifaa vichache sana vya bei kama ya Xbox viliweza. Programu ile ikakua, ikahamia kwenye kompyuta, mwaka 2010 ikaacha kabisa kuihudumia Xbox iliyoizaa, na mwaka 2014 ikabadili jina kuwa Kodi. Nadhani baadhi yenu mmetabasamu. Ndiyo, ni Kodi hiyohiyo iliyomo kwenye visanduku vya Android vinavyochomekwa nyuma ya televisheni majumbani kwenu. Asili yake ni mashine ya gemu iliyofunguliwa na watu ambao hawakuruhusiwa kuifungua.

Sasa akija mtu na Xbox ya mwaka 2003, imechipiwa, yaani imechomelewa chipu ya kuvunja kufuli zake, ina XBMC ya zamani kwenye diski iliyobadilishwa, anataka "kuirudisha kama ilivyokuwa" ili aihifadhi, nitamwomba aache. Xbox ziliuzwa takriban milioni 24, na zisizoguswa bado zinapatikana kwa wingi. Yake, pamoja na chipu yake iliyochomelewa kwa mkono na mafaili yenye tarehe za wakati ule, ni hati. Akiifuta ili ing'ae, ameichoma hati.

Ila kuna upande mwingine wa Xbox unaowahusu wale wa kufunga na kuweka. Kwenye bodi yake kuna kapasita ndogo inayotunza saa pale mashine inapochomolewa umeme. Kazi yake nzima ni kushikilia saa kwa muda mfupi tu. Katika matoleo yote isipokuwa lile la mwisho, 1.6, kapasita hiyo huvuja. Maji yake hula njia za shaba kwenye bodi taratibu, bila dalili yoyote kwa nje, hadi siku moja mashine haiwaki au inajizima yenyewe. Kuitoa ni kazi ya dakika chache, na hasara yake ni kwamba kila ukichomoa umeme utaweka saa upya. Basi yule aliyeiweka Xbox yake ndani ya boksi la awali, na karatasi zake zote, na nailoni yake, na kuapa kwamba haitaguswa, ameifungia pamoja na maji yanayoila. Atakapoifungua baada ya miaka 20 atakuta boksi zuri sana.

Na hasara haiishii kwenye bodi. Diski kuu ya Xbox imefungwa kwa nywila ambayo ufunguo wake umo kwenye chipu ndogo ya bodi ileile. Huwezi kuichomeka kwenye Xbox nyingine ikafunguka hivihivi. Bodi ikifa kabla hujasoma chipu hiyo, umejitengenezea kazi ngumu ya kuokoa kilichomo: gemu alizofikia mtu katikati, majina ya wachezaji, nyimbo alizozipakia kijana fulani kutoka kwenye CD zake. Mimi naona hivyo ndivyo vilivyokuwa na thamani, maana kiwanda kilitengeneza makasha milioni 24 yanayofanana, lakini hakikutengeneza hata moja ya orodha zile za nyimbo.

PlayStation 3 nitaipitia kwa haraka zaidi, ingawa ndiyo inayopendwa kwenye mazungumzo haya. Ilipotoka Novemba 2006 ilikuwa na prosesa iliyoitwa Cell, iliyotengenezwa na Sony, Toshiba na IBM kwa pamoja, yenye nguvu kubwa kwenye hesabu za kisayansi. Sony iliuza mashine za mwanzo kwa hasara ikitegemea kurudisha fedha kwenye gemu, na iliruhusu mmiliki aweke mfumo mwingine wa uendeshaji, Linux kwa mfano. Wanasayansi walifanya hesabu zao haraka. Gaurav Khanna, wakati huo mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth, aliunganisha kadhaa mwaka 2007 kukokotoa tabia za mashimo meusi angani. Desemba 2010 maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani, mjini Rome katika jimbo la New York, ikazindua kompyuta kuu iliyoitwa Condor, yenye PS3 zaidi ya 1,700 zilizopangwa kwenye rafu. Baadaye sehemu ya mashine za jeshi zilikabidhiwa kwa Khanna, akaziweka ndani ya kontena la friji, lile la kusafirishia bidhaa zinazoharibika, kwa kuwa zinatoa joto kupindukia.

Kinachonihusu mimi katika hadithi hiyo ni tarehe 1 Aprili 2010. Siku hiyo Sony ilitoa sasisho namba 3.21 lililoondoa uwezo wa kuweka Linux, kwa sababu ilizoziita za usalama. Mwenye kukubali sasisho alipoteza uwezo huo. Mwenye kukataa alipoteza kucheza mtandaoni. Kesi ikafunguliwa Marekani, na baada ya miaka kadhaa Sony ikakubali kulipa fidia. Tazameni basi: PS3 mbili za mwaka 2006, za rangi moja, zilizotoka kiwanda kimoja siku moja. Moja ilisasishwa, nyingine haikusasishwa. Kwa mhifadhi hizo ni mashine mbili tofauti kabisa, na ukiziangalia kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kubonyeza "kubali" ni kubadilisha kifaa kuliko hata kukikata kwa msumeno, maana kasha lililokatwa unaliona. Ukikutana na PS3 nene ya mwanzo, usiiunganishe na mtandao kabla hujaandika namba ya toleo lake. Wengi hawajui pia kwamba baadhi ya zile za mwanzo zina chipu za PlayStation 2 ndani yake ili zicheze gemu za PS2. Baadaye chipu hizo ziliondolewa kupunguza gharama. Hizo msizikate.

Na Wii? Kateni. Nintendo iliuza zaidi ya milioni 100. Kuna mafundi huko Marekani na Ulaya wanaokata bodi ya Wii hadi ibaki kipande kidogo kinachotosha kiganjani, kisha wanakijengea kasha la mkononi lenye skrini na betri. Ni ufundi wa hali ya juu: unahitaji kujua kila waya unaelekea wapi kabla hujawasha msumeno, na michoro yao ya bodi ile leo ni nyaraka nzuri kuliko nyingi zilizotoka kwa mtengenezaji. Wii iliyokufa lenzi, isiyo na historia yoyote, ikifa kwa namna hiyo imeacha elimu.

Mnisamehe kwa kutumia muda wote huu ughaibuni. Sasa nirudi kwetu.

Kuna mashine moja iliyotawala vibanda vya gemu kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, Nairobi na miji mingine: PlayStation 2. Ilitoka Japani Machi 2000, ikaendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013, na ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Hakuna konsoli ya nyumbani iliyouzwa kuliko hiyo. Kwa kigezo cha uhaba, PS2 haina haki yoyote ya kuingia makumbusho. Nyie mliokaa nyuma mnaijua: televisheni ya chogo, mashine imewekwa juu ya meza ya mbao, kasha halina mfuniko ili ipoe, feni pembeni, pedi zilizokwisha mpira wa vidole, foleni ya watoto wenye sarafu mikononi, na mwenye kibanda anayehesabu mechi kwa kutazama saa ya ukutani.

PS2 ya kiwandani haisomi diski za kunakili, na inachagua diski za eneo lake. Karibu yote iliyochezwa kwenye vibanda ilikuwa nakala. Hivyo ili kibanda kiendeshe biashara, mashine ilipaswa kuchipiwa: fundi anaifungua, anachomelea chipu ndogo kwenye bodi kwa nyaya nyembamba kama nywele, mara nyingi bila darubini na bila mchoro rasmi, kisha anaifunga. Lenzi ikichoka, inabadilishwa au inarekebishwa ili isome diski chakavu. Memori kadi ya megabaiti 8 inapita mikono mingi, na ndani yake kuna ligi za watu, vikosi walivyovipanga, majina waliyojipa. Mashine ya namna hiyo haikubaki hata siku moja "kama ilivyotoka kiwandani". Isingefaa kitu.

Akija mkusanyaji kutoka nje, atatafuta PS2 isiyofunguliwa, yenye stika yake, kwenye boksi. Ana haki. Lakini mashine hiyo itamweleza habari za kiwanda. Haitamweleza lolote kuhusu Magomeni ya Dar es Salaam wala Majengo ya Mombasa. Ile iliyotobolewa upande ili feni iingie, yenye risasi ya fundi wetu kwenye bodi na alama ya kalamu ya wino inayosema ilichipiwa lini, ndiyo inayojua jinsi kizazi kizima kilivyocheza mpira wa skrini kwa fedha za chai. Na hiyo ndiyo tunayoitupa. Inaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, inavunjwa kwa ajili ya shaba, plastiki inachomwa moto na moshi wake wanauvuta watoto. Mwingine anaichukua na kuinyofoa sehemu ili afufue nyingine. Hilo la pili silipingi, ni kazi halali ya fundi, na ndilo lililoviweka vibanda hai muda mrefu. Ninachoomba ni kwamba moja kati ya mia isinyofolewe.

Mtu ataniambia kwamba siku hizi gemu zote zinachezwa kwa emuleta, yaani programu inayoiga mashine, kwenye simu, kwa hiyo chuma hakina maana tena. Emuleta ni kitu kizuri na mimi ninazo. Lakini mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za kale zilizotolewa nchini humo hazipatikani tena sokoni. Na emuleta yenyewe hutengenezwa kwa kupima mashine halisi: chipu ilichukua muda gani kujibu, sauti ilitoka na dosari ipi, rangi ilichanganyikaje kwenye televisheni ya chogo. Mashine ya mwisho ikivunjwa, kosa lililomo kwenye emuleta haligunduliki tena, na hatimaye kosa hilo ndilo litakaloitwa ukweli.

Kabla hujachukua bisibisi au boksi, basi, kuna kazi ya kufanya kwa kila mashine, iwe ya kukatwa au ya kuwekwa. Ipige picha ndani na nje, andika namba na toleo la programu yake. Nakili kilichomo: memori kadi, diski kuu, na katriji zenye betri ndogo kama ya saa inayotunza gemu zilizohifadhiwa. Betri hizo zikiisha, kila kitu hufutika, na ukizitoa kabla ya kunakili umefuta mwenyewe. Betri za katriji nyingi za miaka ya 1990 zinakaribia mwisho wake, kama hazijaufikia. Kisha toa kinachovuja. Xbox nimeisema; Game Gear ya Sega ya mwaka 1990 nayo ni maarufu kwa kapasita zinazovuja hadi sauti inapotea na skrini inafifia. Baada ya hapo mashine inaweza kusubiri uamuzi wako hata miaka kumi.

Ukiamua kubadilisha, anza na kinachorudishika. Game Boy ya zamani haina taa ya skrini, na wengi huiwekea skrini mpya inayong'aa. Baadhi ya skrini hizo huingia bila kukata plastiki, nyingine zinataka ukate kuta za ndani za kasha. Chagua ya kwanza, na ile skrini ya zamani itie kwenye mfuko, uifungie humohumo kwenye droo moja na mashine. Kuna pia wanaoloweka plastiki iliyogeuka manjano kwenye haidrojeni peroksaidi na kuianika juani hadi irudi nyeupe. Inapendeza kwenye picha. Lakini manjano mara nyingi hurejea, na plastiki nyingine hutoka na mabaka. Mimi ningeiacha na umri wake.

Nina maombi mawili. Kwa mafundi: kila mnapochipia, mnapobadilisha lenzi au kunyofoa kapasita, andikeni ndani ya mfuniko tarehe, mji na mlichofanya. Jina si lazima. Inachukua nusu dakika, na mtu atakayeifungua baada ya miaka 40 hatalazimika kubahatisha. Kwa makumbusho yetu ya taifa, Tanzania na Kenya: tafuteni kibanda kimoja cha gemu kinachofungwa, mkinunue kizima, na meza yake, na televisheni yake, na mashine iliyochipiwa, na ubao wa bei ulioandikwa kwa chaki, na mumrekodi mwenye kibanda akieleza kazi yake angali ana kumbukumbu. Gharama yake ni ndogo, na wenye vibanda bado wapo.

Na wewe ndugu uliyeniambia mlangoni kwamba una Xbox ya zamani chini ya kitanda, haijafunguliwa tangu ulipoinunua: ifungue kesho asubuhi, angalia ni toleo gani, na kama si 1.6, itoe ile kapasita.